Kutibu Waswasi wa Udhu na Usafi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Wengi walioanza kujitibu waswasi kwa mazoezi hurudi na lalamiko moja: "Nimejizuia nisinawe, nimekaa na hofu yangu, lakini haikupungua." Ukiwaomba wasimulie kila walichofanya, mambo huanza kujitokeza. Mmoja kweli hakunawa, lakini alimwuliza mkewe, "Hivi mkono huu uko safi?" mara moja tu. Mwingine alitia udhu mara moja, kisha akaurudia wote kichwani, kiungo baada ya kiungo, akiwa ameshasimama kwenye mswala. Wa tatu alishika kitasa cha choo kwa ncha ya kidole kimoja, na kidole hicho akakiweka mbali na mwili mpaka muda ulipokwisha.

Wote watatu walifanya tendo la waswasi. Walilibadilisha umbo tu.

Mwongozo huu ni wao, na ni wa yeyote ambaye maji, tohara na usafi vimemla muda wake. Kama waswasi wako ni wa kufuli, jiko la gesi au fikra chafu, hatua ni hizi hizi. Nimechukua udhu kwa sababu ndiyo sura inayoonekana sana kwenye nyumba zetu za pwani, na kwa sababu watu hudhani hapo dini na tiba zinagombana. Hazigombani.

Shika jambo moja tangu mwanzo: unachokizuia ni tendo, si wazo. Ukishinda kwa siku nzima bila tendo huku moyo unadunda, umefaulu. Ukitulia kwa sababu ulifanya katendo kadogo pembeni, hujafaulu.

Je, ni ugonjwa au ni uangalifu tu?

Hospitalini utausikia ukiitwa OCD. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni fikra au shaka inayokujia bila kuitaka na kukutesa: pengine najisi imenirukia, pengine maji hayakufika kisiginoni, pengine nia yangu haikutimia. Ya pili ni tendo unalolifanya ili shaka itulie: kunawa tena, kurudia nia, kuuliza, kuhesabu.

Ukifanya tendo, moyo hutulia kidogo. Hapo ndipo ugonjwa unapolishwa. Ubongo unajifunza kwamba ni tendo lililokuokoa, na shaka inayofuata inalidai tena, safari hii mara nyingi zaidi.

Madaktari huangalia kama fikra na matendo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanaharibu kazi, masomo, ndoa au ibada. Mpenda usafi huufurahia usafi wake. Mwenye waswasi amechoka. Ngozi ya vidole imepasuka kwa sabuni na Jik, swala ya jamaa inafika rakaa ya tatu yeye bado yuko bombani, na nyumbani wanagombana kuhusu bili ya maji.

Ugonjwa huu huwapata takriban watu 2 katika kila 100 kwa wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Si udhaifu wa imani. Waswasi hushika pale mtu anapojali zaidi: mcha Mungu humshika kwenye ibada, mama humshika kwenye mtoto wake.

Usianze peke yako kama mojawapo ya haya lipo

- Unawaza kujiua au kujidhuru, au huoni tena sababu ya kuishi.
- Unasikia sauti zinazokuamuru, au unaamini kabisa kuwa watu wanakutilia najisi kwa makusudi.
- Umeacha kula au kunywa kwa hofu ya uchafu.
- Ni mtoto, na yote yameanza ghafla ndani ya siku chache.

Hapo nenda hospitali kwanza. Tanzania kuna Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe kule Dodoma na Kidongo Chekundu kwa walio Unguja; Kenya kuna Mathari, Nairobi; Uganda kuna Butabika, Kampala. Hospitali nyingi za rufaa za mikoa na kaunti nazo zina kliniki ya afya ya akili.

Neno kwa kina mama waliojifungua. Picha ya kumdondosha mtoto au kumchoma kisu ikikujia, ukaogopa hadi ukaficha visu vya jikoni, huo ni waswasi. Unatisha, lakini hautokani na nia ya kumdhuru. Umekushtua kwa sababu hutaki kabisa litokee. Mwambie daktari bila kuona haya. Ila mama akianza kuamini kuwa mtoto amebadilishwa, au kwamba ni lazima afe, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu kuandika. Mwenye waswasi akishika simu huishia kutafuta fatwa na dalili za magonjwa.
- Saa yenye kengele. Ya simu inatosha, ukiishaitegesha uiweke mbali.
- Chupa ya lita moja na kopo. Kazi yake iko hatua ya 6.
- Sheikh mmoja unayemwamini, anayejua fiqhi. Mmoja tu.
- Msaidizi mmoja wa nyumbani: mke, mume, mama, kaka. Awe mtulivu, asiwe mtu wa kucheka wala kufoka.
- Muda wa dakika 45 hadi saa nzima kila siku, kwa wiki 12 angalau. Ukifanya mara moja kwa wiki, waswasi hurudisha siku sita ulichopata siku moja.

Viondoe hivi mapema: glovu, vitakasa mikono vya mfukoni, zile nguo maalumu za kuswalia ambazo hakuna ruhusa mtu mwingine kuzigusa, na ile sabuni yako peke yako.

Hatua ya 1: Andika wiki nzima bila kubadilisha kitu

Kwa siku saba endelea kama kawaida, lakini andika kila waswasi unapokushika: kilichouanzisha, shaka yenyewe kwa maneno yake, ulichofanya, muda uliokwenda, na hofu yako kwa alama 0 hadi 100. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

*Alfajiri. Tone limeruka kutoka sakafu ya choo likanigusa mguuni. Shaka: ni mkojo, swala yangu haitasihi. Nimeosha mguu mara sita, nimebadilisha kikoi, nimemwuliza mama kama kikoi kipya kiko safi. Dakika 35. Hofu 80.*

Sababu ya kuandika ni kwamba mwenye waswasi huona siku yake yote kama tope moja. Daftari humwonyesha kuwa ni mambo machache yanayojirudia. Na bila kumbukumbu hii hutajua baada ya mwezi kama umesogea.

Angalia hatari moja: kuandika kwenyewe kusigeuke kuwa waswasi. Mistari mitatu kwa kila tukio yatosha. Ukisahau moja, liache lipite.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema, kwa mfano, "Vinavyonianzisha ni vinne, na kwa siku vinanichukua saa tatu."

Hatua ya 2: Fichua matendo yaliyojificha

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo usiharakishe. Matendo ya wazi kila mtu anayaona: kunawa, kufua, kurudia takbira. Mazoezi huharibiwa na yale usiyoyahesabu kuwa tendo. Chukua daftari, pitia moja moja, na uweke alama kwenye lako.

*Kuuliza.* "Uliniona nikiosha mguu wa kushoto?" "Hii si najisi, au sio?" Wajanja hawaulizi moja kwa moja, husema, "Nadhani mkono wangu uko safi," kisha wanasubiri mtu aitikie. Huko nako ni kuuliza.

*Kurudia kichwani.* Unakumbuka upya ulivyotawadha ili upate uhakika. Hakuna anayekuona, na wewe mwenyewe unaamini unawaza tu. Lakini kazi yake ni ile ile ya maji: kuizima shaka.

*Kukwepa.* Huendi msikitini kwa sababu ya vyoo vyake, humpakati mtoto asiyevaa nepi, unapunguza kunywa maji ili usikojoe kabla ya Ijumaa. Mtu anayekwepa sana anaweza kuonekana amepona, kumbe ulimwengu wake umebaki chumba kimoja.

*Kukagua.* Kuinama kutazama nguo kwa mwanga wa simu, kunusa vidole, kujiminya na kusubiri chooni uone kama tone litatoka. Hili la mwisho huwatesa wanaume wengi kimyakimya. Na kadiri unavyojiminya ndivyo unavyozidi kuhisi unyevu.

*Dhikri ya kuzimia moto.* Nalisema hili kwa heshima. Kujikinga kwa Mwenyezi Mungu ni ibada. Lakini ukijikuta unasoma "A'udhu billahi" kwa idadi maalumu, na ukikosea unaanza upya, na huwezi kusogea mpaka "ikae sawa", basi maneno matukufu yameingizwa kazini na ugonjwa. Soma mara moja, uendelee na shughuli.

*Kutafuta.* Fatwa ya kumi kuhusu jambo lile lile, video ya sheikh mwingine, ukurasa mwingine wa kitabu.

Umefaulu ukiwa na orodha ambamo angalau nusu ya matendo ni yale ambayo mtu aliyekaa pembeni yako asingeyaona.

Hatua ya 3: Pata hukumu moja, mara moja

Kabla ya kuanza mazoezi, nenda kwa yule sheikh mmoja. Mwambie waziwazi kuwa una waswasi na unatibiwa. Mwombe akuandikie kwenye karatasi moja kiwango cha chini kinachotosha katika istinjaa (kujisafisha baada ya choo), udhu, kuoga janaba na nia. Mistari isizidi kumi.

Huendi kutafuta ruhusa ya kulegeza dini. Unatafuta mpaka, kwa sababu waswasi umekutoa kwenye dini halisi ukakupeleka kwenye mizigo ambayo sheria haikukubebesha. Utakayoyasikia huenda umeshayasikia darasani: yakini haiondolewi na shaka, mahali pa nia ni moyoni, shaka inayokuja baada ya ibada kumalizika haitazamwi. Mtume (s.a.w.) aliulizwa kuhusu mtu anayedhani udhu umemtoka ndani ya swala, akasema asitoke mpaka asikie sauti au apate harufu. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Na Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni wa Kishafii wa karne ya 16 ambaye masheikh wetu wa pwani wanamtegemea sana, alipoulizwa dawa ya waswasi alijibu kuwa dawa yake ni kuupuuza moja kwa moja, hata shaka iwe kubwa kiasi gani. Mganga wa saikolojia wa leo atakuambia vivyo hivyo.

Karatasi ikishaandikwa, mlango wa maswali umefungwa. Hurudi kwa sheikh kuuliza "na kama hali ni hii je?" Huulizi msikiti wa pili. Mpe sheikh ruhusa ya kukuambia, "Mwanangu, nilishakujibu."

Kwa Mkristo anayesumbuliwa na dhambi za kufikirika, mpango ni huo huo: padri au mchungaji mmoja, ungamo kwa ratiba mliyokubaliana, na hakuna kuungama upya kilichokwisha kuungamwa.

Hatua ya 4: Panga ngazi

Andika hali kumi hivi zinazokutia hofu, kila moja na alama zake, kuanzia ndogo. Mfano:

- 25: kushika kitasa cha mlango wa sebuleni, kisha kushika simu bila kunawa.
- 35: kukaa kwenye kiti cha daladala, kisha kukaa kitandani na nguo zile zile.
- 45: kutia udhu kwa chupa ya lita moja.
- 55: kuvaa kikoi kilichofuliwa mara moja tu, tena na mtu mwingine.
- 65: kushika kitasa cha choo cha nyumbani, kisha kugusa nguo unazovaa.
- 75: kutoka chooni baada ya istinjaa moja bila kukagua nguo.
- 85: kutumia choo cha msikiti, kutawadha hapo, kuingia swala moja kwa moja.
- 95: kuswalisha familia siku uliyokuwa na shaka na hukurudia udhu.

Zingatia: hakuna ngazi inayokuambia uswali na najisi uliyoiona kwa macho, wala kuacha lililo wajibu. Tunafanyia zoezi shaka. Mganga anayekuambia uvunje sheria ili upone hajaelewa kazi yake, na unaweza kumkatalia kwa adabu.

Vilevile usifanye zoezi la hatari ya kweli. Baada ya choo na kabla ya kula, nawa kwa sabuni, sekunde 20 hivi, mara moja. Kwenye miji yetu inayopigwa na kipindupindu hilo si waswasi. Waswasi ni mara ya pili.

Hatua ya 5: Fanya zoezi, dakika kwa dakika

Anza na ngazi ya alama 25 hadi 40. Ukianza chini sana hutajifunza kitu. Ukianza juu sana utakimbia, na kukimbia hukufundisha hofu zaidi.

1. Andika kabla: "Nitashika kitasa kwa kiganja chote, kisha nitajipaka mikono, nguo na uso. Sitanawa kwa saa mbili. Naogopa kuwa sitaweza kuvumilia." Waswasi hutabiri maafa, andika utabiri wake ili baadaye uone ulitimia au la.

2. Fanya kwa ukamilifu. Kiganja chote, si ncha ya kidole. Kisha eneza: gusa mashati yaliyo kabatini, mto wako wa kulalia, simu. Ukibakiza sehemu moja "safi", akili yako yote itahamia kuilinda hiyo.

3. Jibu shaka kwa kuiacha wazi. Ikisema, "Pengine una najisi," wewe sema, "Huenda. Siendi kuhakikisha." Usijibu, "Hapana, niko safi," kwa sababu hilo ni kujipa uhakika, na uhakika ndio chakula cha ugonjwa huu. Kwa wengi hii ndiyo sentensi ngumu kuliko zote.

4. Andika hofu kila baada ya dakika 10. Mfululizo unaweza kuwa 60, 70, 70, 55, 60, 40. Huwa haishuki kwa mstari ulionyooka, na siku nyingine haishuki kabisa. Usiikazie macho ukiisubiri ishuke. Kuisubiri nako ni kukagua.

5. Endelea na maisha. Muda wa zoezi ukipita, menya viazi, fundisha mtoto hesabu, nenda dukani. Mikono ibaki hivyo hivyo.

6. Maliza kwa kuandika nini kilitokea kati ya yale uliyotabiri, na nini hakikutokea.

Ukishindwa ukanawa katikati, usilie na usijihukumu. Rudi papo hapo ushike kitasa upya. Kunawa kukifuatwa na kushika tena, waswasi haukupata ulichotaka.

Rudia ngazi moja kila siku, mahali na saa tofauti, mpaka uweze kuifanya bila tendo lolote, la wazi wala la siri. Ndipo upande. Kwa wengi ngazi moja huchukua siku kadhaa hadi wiki.

Umefaulu zoezi pale saa mbili zilipopita na hukufanya tendo. Hata kama hofu ilibaki 60 mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 6: Udhu wa chupa moja

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni robo ya pishi, kiasi cha viganja viwili vya mtu vilivyojaa, chini ya lita moja. Kwa hiyo chupa yako ya lita ina maji ya kutosha na ziada.

Jaza chupa na ukae mbali na bomba. Bomba halina mwisho, na mwenye waswasi anahitaji kitu chenye mwisho. Tegesha saa dakika tano. Kwamba umekaa hapo na chupa mkononi ukijua unataka kutawadha, nia imeshapatikana. Kama umezoea kuitamka, itamke mara moja, hata ikitoka na kigugumizi.

Osha kila kiungo kwa idadi iliyo kwenye karatasi ya sheikh, isizidi tatu. Hesabu kwa sauti ya kawaida: "Moja, mbili, tatu," kisha nenda kiungo kinachofuata bila kutazama nyuma. Usikisugue kisigino mpaka kiwe chekundu. Usikiinue mguu kwenye mwanga.

Maji yakiisha au kengele ikilia, udhu umekwisha. Simama, fuata swala ndani ya dakika mbili. Ule muda wa kusimama kati ya choo na mswala ndio waswasi unaoutumia kukurudisha, kwa hiyo ufupishe.

Kwenye swala, takbira moja. Ikikujia kuwa hukuitamka vizuri, endelea na Fatiha. Shaka ya rakaa ina hukumu yake inayojulikana na sijda ya kusahau. Iwemo kwenye karatasi yako ili usianze kuitafuta siku hiyo.

Wiki ya kwanza utaswali ukihisi kuwa swala yako haifai kitu. Hisia hiyo ndiyo zoezi. Usirudie swala, wala usilipe kadha kwa siri usiku wakati wenzako wamelala.

Dalili ya mafanikio: udhu ndani ya dakika tano, na umeiwahi jamaa.

Hatua ya 7: Nyumba nzima iache kujibu

Jamaa wengi hujibu kwa huruma. Mama anasema, "Uko safi, mwanangu," mara ishirini kwa siku ili kijana apumue. Mke anafua kila kitu mara tatu ili pasiwe na ugomvi. Hakuna wa kulaumiwa, lakini majibu hayo ni matendo ya waswasi yanayofanywa na mtu mwingine kwa niaba ya mgonjwa.

Kaeni siku ya utulivu, si wakati wa zogo, mkubaliane maneno. Kwa mfano:

"Mama, maji yale hayakunirukia kweli?"

"Hilo ni swali la waswasi, mwanangu. Tulikubaliana silijibu. Njoo ukae hapa, tuchambue mchele."

Inatosha. Haelezi, habishani, wala haondoki akamwacha peke yake. Kijana atauliza tena, pengine kwa machozi. Jibu ni lile lile, kwa sauti ile ile. Mwanzoni maswali huongezeka kabla hayajapungua, na familia nyingi hukata tamaa hapo wakidhani wamemzidishia ugonjwa.

Msikate kila kitu kwa siku moja. Wiki hii acheni kujibu maswali ya nguo, wiki ijayo ya maji. Na abadani msimshtukize kwa kumrushia uchafu ili "azoee". Zoezi alilochagua mwenyewe humponya. La kulazimishwa humvunjia imani nanyi.

Hatua ya 8: Dawa, kama mazoezi hayatoshi

Ikiwa unashindwa hata ngazi ya chini, au huzuni imekulemea, muone daktari wa magonjwa ya akili. Dawa na mazoezi hufanya kazi vizuri pamoja.

Zinazotumika zaidi ni za kundi la fluoksetini na setralini. Klomipramini ni ya zamani na inafaa pia, ila ina madhara mengi zaidi na ni ya hatari ikizidishwa, kwa hiyo itunzwe mbali na watoto na mbali na mtu mwenye mawazo ya kujiua.

Mambo ambayo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha:

- Waswasi mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona. Fluoksetini huanza kwa miligramu 20 na daktari anaweza kuipandisha taratibu hadi 80. Setralini hadi 200. Usipandishe mwenyewe.
- Subiri wiki 8 hadi 12 kwenye dozi ya kutosha kabla ya kusema haifanyi kazi. Wengi huacha wiki ya tatu.
- Kichefuchefu, kuharisha au kukosa usingizi kwa siku za mwanzo ni kawaida. Kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa pia hutokea. Mwambie daktari badala ya kuacha dawa kimya.
- Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza ziwe na mtu wa karibu anayemwangalia, kwa sababu mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.
- Ukipata nafuu, endelea kwa mwaka mmoja au zaidi, kisha upunguze polepole ukiwa na daktari. Kuacha ghafla huleta kizunguzungu na waswasi kurudi.
- Diazepamu hutuliza kwa saa chache na kuleta mazoea. Haitibu waswasi.

Mjamzito na anayenyonyesha wamwambie daktari mapema. Mara nyingi ipo dawa inayofaa.

Kama familia imeamua pia kisomo, sina ubishi, mradi hakimsimamishi dawa, hakimpigi, hakimfungi na hakimwagizi kuoga mara saba kila siku. Agizo la namna hiyo kwa mtu huyu ni kumwongezea ugonjwa.

Hatua ya 9: Waswasi ukibadilisha sura

Ukishafika ngazi za juu, usishangae udhu ukawa mwepesi na shaka ikahamia kwingine: talaka ("je, nimetamka?"), kufuru, ugonjwa wa saratani, jiko la gesi. Watu huichukulia kuwa ni jambo jipya na "hili sasa ni la kweli". Iangalie kwa vigezo vitatu: imekuja bila kuitaka, inadai uhakika kamili, na inataka ufanye kitu sasa hivi. Ikitimiza vyote vitatu, ipangie ngazi kama ulivyofanya kwenye hatua ya 4.

Kila Ijumaa baada ya Asri fungua daftari. Kama muda wa matendo umepanda kwa wiki mbili mfululizo, rudi kwenye mazoezi ya kila siku, usisubiri ufike pabaya. Misiba, mitihani, kukosa usingizi, uzazi na kuhama nyumba ndiyo nyakati za kujihadhari.

Ramadhani iandalie mapema, wiki mbili kabla ya kuandama kwa mwezi. Huja na shaka zake: mate yaliyomezwa, tone la maji lililobaki mdomoni baada ya kusukutua, nia ya usiku, daku iliyogusana na adhana. Mwombe sheikh wako aongeze mistari minne kwenye ile karatasi, kisha ianze ngazi ya kwanza kabla ya Shaabani kwisha: sukutua mara moja, tema mara moja, na mate yanayofuata yameze.